Alto's Adventure: Mlima Mtulivu Wenye Orodha ya Kazi

Mchezo wa Alto's Adventure ulipotoka Februari 2015 kwa ajili ya iPhone na iPad, wahakiki walikubaliana juu ya mambo mawili, na si kawaida yao kukubaliana hata juu ya moja. Walisema kwanza kwamba ni vigumu kuutaja mchezo mwingine wa simu uliopendeza macho namna ile. Kisha wengi wao wakaongeza, wengine kwa upole na wengine bila kumung'unya maneno, kwamba ukiuvua vazi lake la rangi utaukuta mwili mkongwe: mtu anateleza mlimani, mchezaji anagusa kioo, mtu anaruka, na mambo yanaendelea hivyo mpaka aanguke. Nimeucheza kwa vipindi vya miaka kadhaa, na naona kwamba sifa ile ilistahili kutolewa, lawama ile ilikuwa kweli nusu, na kasoro iliyo kubwa zaidi haikupata kusemwa kwa uzito wake kwa sababu wachezaji wa simu tumeizoea kiasi cha kutoiona tena. Kasoro hiyo ni orodha ya malengo, nami nitaifikia baada ya kuyapitia yale mawili.

Kwa asiyeufahamu, mchezo wenyewe ni huu. Alto ni mchungaji anayeishi katika kijiji cha milimani na kufuga lama, wale wanyama wa manyoya wa Amerika ya Kusini walio jamaa ya ngamia lakini hawana nundu. Lama wanatoroka, naye anapanda ubao wake wa theluji na kuwafuata mteremkoni. Ubao unakwenda wenyewe. Hakuna breki, wala hakuna kukata kushoto au kulia, kwa maana mlima tunauona kwa ubavu kama picha ndefu isiyokatika. Kazi yote ya mchezaji ni ya kidole kimoja: akigusa kioo Alto anaruka, na akiendelea kushikilia wakati Alto yuko hewani, Alto anapinduka kinyumenyume mpaka kidole kiondolewe. Akitua kwa ubao safari inaendelea, akitua kwa kichwa imekwisha, na imekwisha vilevile akigonga jiwe au akitumbukia korongoni. Anayetafuta mchezo unaoiga fani halisi ya kuteleza kwa ubao, pamoja na kuegemea kisigino, kukata kona na kuchagua njia kati ya miti, amekosea mlango. Nintendo walitoa mchezo wa namna hiyo, 1080° Snowboarding, mwaka 1998, ambao ndio mwaka ubao wa theluji ulipoingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza huko Nagano. Ule ulidai mikono yote miwili. Huu unadai kidole, na ajabu ni jinsi kidole hicho kinavyopata kazi ya kutosha.

Kampuni ya Snowman ya Toronto, Kanada, ilikuwa na watu wachache sana wakati huo, na uchoraji pamoja na uandishi wa programu ulibebwa na mtu mmoja, Harry Nesbitt, aliyekuwa akifanya kazi kutoka Uingereza. Mkono huo mmoja unaonekana. Milima ya nyuma ni vivuli vilivyopangwa kwa tabaka, kila tabaka likiwa limefifia kidogo kuliko lililo mbele yake, na kwa kuwa yale ya mbali yanapita polepole kuliko ya karibu, jicho linadanganyika na kuona maili kadhaa mahali ambapo pana michoro bapa tu. Saa ndani ya mchezo inakwenda mbio: alfajiri ya waridi inageuka mchana mweupe, mchana unamezwa na machweo ya rangi ya chungwa, usiku unaingia na nyota zake, na yote hayo hutokea ndani ya safari moja ikiwa mchezaji hajaanguka mapema. Mvua ya radi inakuja na kupita. Ukungu unashuka. Wakati mwingine upinde wa mvua unatokea bila kumaanisha chochote, bila alama wala zawadi, na mimi naupenda kwa sababu hiyohiyo.

Ardhi yenyewe haikuchorwa na mtu hatua kwa hatua, bali programu inaiunda papo hapo kadiri Alto anavyosonga mbele, hivyo safari mbili hazifanani. Wahakiki walilisifu hili, na walikuwa na haki, maana uzuri uliochorwa mara moja huzoeleka upesi, lakini uzuri unaopangwa upya kila safari huchukua muda mrefu zaidi kuisha hamu. Kumbuka tu kwamba jambo hilohilo litarudi baadaye kama tatizo.

Ninapotofautiana na wengi ni pale walipotenganisha sura na uchezaji, kana kwamba ni vyungu viwili juu ya mafiga tofauti. Itazame skafu ya Alto. Mwanzoni ni kipande kifupi shingoni. Kilima kinakuja, Alto anaruka, anapinduka mara moja, na kabla hajaigusa theluji unaona mbele yake kamba ya vibendera iliyotandazwa juu ya njia kutoka nguzo hadi nguzo. Ukiondoa kidole kwa wakati wake, ubao unatua juu ya kamba na kuserereka juu yake kwa mlio mwembamba wa msuguano; kamba inaisha, unagusa tena, Alto anapinduka tena na kutua juu ya paa la nyumba, anaserereka mpaka ukingoni, anaruka korongo ambalo sekunde moja kabla ulikuwa hujaliona, anatua. Mitindo yote hiyo imehesabiwa kuwa mfululizo mmoja, alama zake zimezidishwa, na ukimtazama Alto sasa utaona skafu imerefuka na kupepea nyuma yake kama mkia wa tiara. Skafu inaporefuka ndivyo na kasi inavyozidi. Mchezaji hahitaji kukodolea macho namba za pembeni ili ajue hali yake, kwa kuwa kitambaa kile ni pambo, ni kipimo na ni onyo kwa pamoja: mwendo uliompatia sifa ndio utakaomtupa juu ya jiwe asipokuwa makini. Mhakiki anayesema kwamba mchezo huu una sura nzuri na uchezaji wa kawaida inabidi aseme skafu anaiweka upande upi.

Halafu kuna wazee. Wamelala kando ya moto wa kambi, na ukiwapita mmoja wao huamka, hupanda ubao wake na kukufuata ili akuangushe. Kila hatari nyingine ya mlima huu inakuja kutoka mbele. Huyu peke yake anatoka nyuma, kwa hiyo muda wote anaokuwa mgongoni pako unacheza ukiwa umekunja mabega. Dawa yake ni korongo: ukiliruka, yeye hubaki ng'ambo. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini wahenga hawakuwa wamemwona mzee mwenye ubao wa theluji.

Sasa lawama ya kukosa upya. Inatokana hasa na Ski Safari, mchezo wa kampuni ya Defiant Development ya Australia uliotoka mwaka 2012, ambamo mtu anateremka mlimani wenye theluji, mchezaji anagusa kioo ili aruke na anashikilia ili apinduke kinyumenyume. Aliyeucheza huo kisha akaukuta huu halaumiwi akisema kwamba hapa amewahi kufika. Vilima vya mviringo vinavyopandwa na kushukwa kwa kidole kimoja vilikuwa vimekwisha kuvuma mwaka 2011 kwa Tiny Wings ya Andreas Illiger, na mtindo wa mbio zisizo na mwisho, ambazo mchezaji hashindi bali hukawia tu kushindwa, ulikuwa umeenea tangu Canabalt ya mwaka 2009. Sioni haja ya kuyakanusha haya. Orodha ya vitendo vinavyowezekana katika Alto's Adventure ingeweza kuandikwa miaka mitatu kabla haujatoka.

Walichokifanya watengenezaji wake ni kupunguza. Katika Ski Safari nyuma yako kuna poromoko la theluji linalokufukuza tangu mwanzo hadi mwisho, na njiani kuna pengwini na yeti, yale majitu ya manyoya ya hadithini, wa kupanda migongoni. Ni mchezo wa vichekesho, na kweli unachekesha, ila haukuachi upumue. Canabalt nao unazidisha mwendo mpaka macho yasiweze kuufuata. Mbio karibu zote za aina hii zinasukumwa na hofu, ama ya kitu kilicho nyuma ama ya kasi isiyopungua. Katika mlima wa Alto, ukimwondoa mzee yule, nyuma hakuna kitu. Unaweza kuteleza kwa sekunde kadhaa bila kufanya lolote, ukisikia tu theluji inavyokwaruzwa na ubao, na mchezo hautakukemea. Muziki ni wa polepole na unabaki wa polepole. Ukianguka hakuna mlio wa kejeli wala maandishi makubwa mekundu. Alto amelala kifudifudi, namba zinaonyeshwa, basi. Kupunguza kwa namna hii ni ubunifu, lakini ni ubunifu ambao uhakiki wa michezo huona taabu kuuhesabu, kwa sababu hakuna anayeweza kuandika kwenye jedwali la vipengele kwamba mchezo huu una jambo jipya la kutokuwa na poromoko.

Kwa hiyo mlima umetulia, na mchezaji ametulia pamoja nao. Ndipo orodha inapoingia.

Mchezo una ngazi 60, kila ngazi ina malengo matatu, jumla yake 180, na ngazi haipandi mpaka yote matatu yatimie. Kampuni ya Snowman, kabla ya kupanda mlima huu, ilikuwa imetengeneza Checkmark, programu ya simu ya kuwakumbusha watu shughuli zao, na ingawa nakiri kuna uchokozi kidogo katika kuyaunganisha mambo haya mawili, siwezi kuitazama ile orodha ya vitu vya kuwekewa alama ya vyema bila kuikumbuka. Kamata lama kadhaa katika safari moja. Fika umbali fulani. Serereka juu ya mapaa. Mkimbie mzee. Hakuna ubaya katika lengo moja moja, na nitakuwa sikutenda haki nisiposema kwamba yale ya ngazi za mwanzo ni mwalimu hodari: ni kwa kulazimishwa na lengo ndipo wengi wetu tulipogundua kwamba jiwe linaloua likigongwa kwa ubavu linaweza kukanyagwa kutoka juu, nalo likakurusha mbele kama springi ya kurukia. Bila malengo hayo mchezaji angeweza kuteleza wiki nzima bila kujua mlima una siri gani.

Tabu huanza mwalimu anapokwisha kufundisha na bado hataki kutoka darasani. Malengo ya katikati hayamwonyeshi mchezaji kitu kipya, yanamhesabia tu. Kuanzia hapo jicho lake linabadilika. Paa lililofunikwa na theluji wakati wa machweo haliwi tena paa, linakuwa la pili kati ya matatu. Upinde wa mvua unapita bila kuangaliwa. Mchezaji aliyepewa kazi inayohitaji safari ndefu, akiona ameikosa nafasi yake mapema, anajiangusha makusudi ili aanze upya, na hakuna dalili mbaya zaidi kwa mchezo unaojinadi kwa utulivu kuliko mchezaji anayetafuta jiwe la kujigonga.

Hapa ndipo ardhi ile inayoundwa na programu inapogeuka tatizo. Lengo linapodai mapaa au makorongo ya idadi fulani katika safari moja, kutimia kwake kunategemea ustadi na pia bahati, kwa maana mchezaji hawezi kuyatafuta, anasubiri aletewe. Aliye hodari anaweza kuteleza mbali sana na asipate anachotakiwa, kisha akaanguka na kuanza tena kwenye mita zilezile za mwanzo, ambazo ni rahisi kuliko zote na kwa hiyo ndizo zinazochosha kuliko zote. Yaani sehemu ya mlima inayoonwa mara nyingi zaidi ndiyo yenye machache zaidi ya kuonwa. Ni kosa la mpangilio ambalo rangi, hata ziwe nzuri namna gani, haziwezi kulificha.

Orodha hiyo ndiyo pia iliyoshika funguo. Wahusika wengine watano wamefungiwa nyuma ya ngazi, mmoja kila baada ya ngazi kumi: Maya katika ngazi ya 11, Paz katika ya 21, Izel katika ya 31, Felipe katika ya 41 na Tupa katika ya 51. Tofauti zao si za mavazi. Maya anapinduka upesi kuliko Alto, na mtu anayependa mitindo ya hewani atahisi kama amevuliwa gunia. Paz ni mzito, anachelewa kupinduka lakini akishika mwendo hashikiki. Felipe ni lama, na anaweza kuruka mara mbili. Kwa nini lama ateremke mlimani akiwakamata lama wenzake ni swali ambalo mchezo hauligusi, nami sina neno. Ninachosema ni kwamba kumnyima mchezaji mhusika anayemfaa mpaka amalize ngazi 40 za kuhesabu mapaa ni kumwadhibu kwa kosa asilolijua.

Vazi la mabawa, linalonunuliwa kwa sarafu katika karakana ya Izel, limesifiwa mno. Linajazwa nguvu na mitindo unayofanya, kisha linakuwezesha kupaa kwa muda mfupi juu ya mawe na makorongo. Lina manufaa, lakini linakuinua juu ya theluji, na theluji ndiyo niliyoifuata.

Kasoro moja ya macho inahitaji kutajwa kwa sababu inatokana na sifa. Usiku, na zaidi usiku wenye dhoruba, mawe yanakuwa vivuli juu ya vivuli. Msanii amepata picha anayoitaka, mchezaji amepoteza sekunde aliyoihitaji. Kwenye kioo kidogo cha simu, katika mwanga wa mchana, kuna vipande vya safari ambapo unacheza kwa kukisia, na anguko la kukisia halifundishi kitu. Giza lilipaswa kupunguza mawe, au mawe yalipaswa kupewa ukingo wa mwanga hafifu.

Katika suala la malipo kuna hadithi mbili. Kwenye iPhone mchezo ulianza kwa kuuzwa mara moja, kwa bei ndogo, na baada ya hapo ulimwacha mnunuzi kwa amani. Ulipofika Android, Februari 2016, kwa mkono wa kampuni ya Noodlecake, ulitolewa bila malipo huku ukitegemea matangazo na manunuzi ya ndani. Naielewa hesabu ya biashara, na kuna watu wengi walioufikia mlima huu kwa sababu tu haukuwa na kiingilio. Hata hivyo tangazo baada ya anguko linaharibu zaidi hapa kuliko mahali pengine, kwa kuwa ule ukimya baada ya kuanguka ulikuwa sehemu ya kazi ya sanaa. Mhakiki wa toleo moja na mhakiki wa toleo jingine hawakuwa wanapima kitu kilekile, na anayesoma maoni ya zamani afaa aangalie kwanza yaliandikwa juu ya simu gani.

Baadaye watengenezaji waliongeza, bure, namna ya kucheza iitwayo Zen Mode. Ndani yake hakuna alama, hakuna sarafu, hakuna malengo. Muziki ni mwingine, mtulivu zaidi. Alto akianguka anainuka na kuendelea kutoka palepale alipoangukia. Walioutaka mchezo wa ushindani waliona hapa hakuna mchezo tena, na kwa kipimo chao hawakosei. Kitu kisichoweza kushindwa ni vigumu kukiita mchezo. Mimi ndimo nilimokaa kwa muda mrefu zaidi. Skafu bado inarefuka ukipanga mitindo yako vizuri, kamba za vibendera bado zinamtaka aliye na kidole cha subira, na ukitua vibaya unapoteza mwendo tu. Ila ninapoiona namna hii ya kucheza imewekwa kando kama chumba cha wageni, naisoma kama ungamo: watengenezaji walijua kwamba mlima wao ulikuwa bora bila orodha, wakaamua mwenye kutaka hivyo aende akautafute mwenyewe.

Anayetaka kuanza leo, ikiwa ana nafasi ya kuchagua kifaa, namshauri atafute The Alto Collection, mkusanyo uliotoka mwaka 2020 kwa kompyuta na mashine za michezo, wenye mchezo huu pamoja na ule uliofuata. Kwenye skrini kubwa mawe ya usiku yanaonekana mapema zaidi, matangazo hayapo, na yale matabaka ya milima yanapata upana ulioyastahili tangu mwanzo. Acheze ngazi kumi za kwanza kwa bidii, kwa kuwa zinafundisha, amfikie Maya, kisha aamue mwenyewe kama ana haja ya kuendelea kuhesabu.

Ule uliofuata ni Alto's Odyssey wa mwaka 2018, ambao uliondoa theluji na kuleta mchanga, maputo ya kupaa angani, na kuta za mawe za kuserereka kwa ubavu. Katika uchezaji unamzidi kaka yake, maana kuta zile zimekipa kidole kile kimoja kazi mpya ya kweli, na lawama ya kukosa ubunifu ilipata jibu la sehemu. Orodha nayo walikwenda nayo jangwani: ngazi 60, malengo 180.